Jino la Mama Mkwe

Kila anapokisimulia kisa hiki, Dakta Jovinary Kashaija huanza kwa kujisifu. Husema yeye ndiye mtu wa kwanza Mabatini nzima, hapa Mwanza, kuua bakteria wa meno kwa mwanga. Halafu hukohoa kidogo, hushusha sauti, na kuongeza kwamba yeye pia ndiye mtu wa kwanza kuwakosa bakteria hao wakiwa wamekaa mahali pamoja, hawana miguu ya kukimbilia, na taa anayo mkononi.

Tuanze na hayo ya kujisifu, maana bila hayo Kashaija si Kashaija. Alizaliwa Kamachumu, Uhayani, kwa wazazi wa Kilutheri wenye migomba na kahawa, watu waliomwambia tangu utotoni kwamba asiyesoma atachunga mbuzi wa waliosoma. Akasoma. Akasoma hadi Ulaya, akarudi na shahada mbili, koti lisilovalika Mwanza, na wazo moja. Wazo lenyewe lilikuwa manjano. Naam, kiungo kilekile cha pilau. Kiini cha manjano kikisagwa mpaka kikawa chembe za nano, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja ukilazwa mbele yake ni kama gogo la mvule, basi chembe hizo hupenya kwenye vijishimo vya mzizi wa jino ambako sindano haifiki na dawa ya kawaida haijui njia. Zikikaa gizani hazimdhuru mtu. Zikimulikwa kwa taa ya buluu, huamka, tena huamka na hasira. Huigeuza oksijeni iliyo jirani nazo ikawa kali, na bakteria walio karibu hawaioni kesho.

Uzuri mwingine, ambao Kashaija aliupenda kuliko yote, ni kwamba dawa ile hujisema yenyewe. Huwekwa ndani ya jino ikiwa ute wa njano iliyokolea. Ikishamulikwa na kufanya kazi yake hupauka, ikabaki nyeupe kama uji. "Usiniamini mimi," alikuwa akiwaambia watu. "Itazame rangi." Aliwaambia wenzake wa kliniki, aliwaambia waumini baada ya ibada, alimwambia hata fundi bomba aliyekuja kuziba mfereji uliovuja. Fundi alimaliza kuziba, akafunga begi lake, na maelezo yalikuwa bado nusu.

Lakini aliyeyasikia maelezo hayo mara nyingi kuliko wote, ingawa hakuwahi kuambiwa yeye, ni mama mkwe wake.

Mama Chenge aliishi Misungwi. Alikuwa mama mzazi wa Suzana, mke wa Kashaija, na katika ukoo ule wa Kisukuma mila za ukwe zilishikwa kwa mikono miwili. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mikono. Kashaija hakuona ajabu, maana hata kwao Kamachumu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Kila alipofika Misungwi alikalishwa kwenye kiti kilichoelekea uwanjani, mgongo wake ukiwa upande wa jiko. Mama Chenge akipita, alijifunika mdomo kwa kanga na kuzungukia pembeni. "Shikamoo mama," Kashaija aliwaambia kuku waliokuwa uwanjani. "Marahaba, baba," Mama Chenge aliuambia ukuta. Basi, salamu zimefika. Kisha Kashaija angegeukia kumhutubia baba mkwe juu ya chembe za nano, na nyuma ya ukuta wa jiko masufuria yangeacha kugongana ili yasikilize.

Kwa hiyo ikawa hivi: mtu aliyekwisha kutazama vinywa vya nusu ya Mabatini hakuwahi, tangu aoe, kuyaona meno ya mama mkwe wake hata mara moja. Alichokijua yeye ni kanga. Na mwaka ule kanga ilipozidi kupanda, ikatoka kidevuni ikafika puani, alimwambia Suzana kwa furaha, "Mama yako siku hizi ananiheshimu sana."

Haikuwa heshima. Lilikuwa jipu.

Suzana aliligundua jipu hilo jikoni, alipokwenda kumsaidia mama yake kumenya viazi vitamu vya kukata na kuanika viwe michembe. Kanga ilidondoka, akaona mdomo wa juu umevimba na ufizi umetoa kijipele cha usaha juu ya jino la mbele. Lilikuwa jino lililopigwa na mpini wa jembe zamani, likafa taratibu, na mama wa watu akawa anakaa nalo kimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila Mama Chenge hakuwa akiogopa kifo. Alikuwa akiogopa koleo.

Alikuwa na sababu. Yeye ndiye mpuliza filimbi wa kikundi cha ngoma cha wanawake, na katika ngoma ile filimbi ndiyo amri. Ikilia kwa vipande vifupi wanawake wanainama, ikilia kwa kupanda na kushuka wanageuka, na ikilia mara moja, ndefu, kila kitu kinanyamaza: ngoma, nyimbo, hata watazamaji wenye adabu. Filimbi hiyo aliibana kwa meno ya mbele ili mikono ibaki huru kwa usinga. Sasa kila alipoibana, machozi yalimtoka na filimbi ikakohoa. Mashindano ya ngoma ya Bujora yalikuwa yanakaribia, na kikundi cha wapinzani kilikuwa kimekwisha kutunga wimbo juu ya filimbi yenye kifua kikuu. Tabibu mmoja alimwambia jino ling'olewe. Mama Chenge akamjibu kwamba labda ang'olewe yeye, jino libaki.

"Aje kwako," Suzana alimwambia mumewe jioni ile.

"Kwangu? Nimfungue kinywa mama mkwe? Mama Justa, unataka nife na laana?"

"Baba Justa, si wewe unayesema kila siku kwamba taa yako inaokoa meno yaliyokwisha kuhukumiwa? Au yalikuwa maneno tu?"

Hapo alikuwa ameshikwa pabaya. Akikataa, hotuba zote alizozitoa uwanjani Misungwi zingekuwa debe tupu. Akikubali, angekuwa mkwe wa kwanza katika ukoo ule kuchungulia kinywa cha mama mkwe. Na katikati ya hayo yote kulikuwa na jino moja la mama wa watu, linalooza.

Akampelekea shauri Dakta Rebeka. Huyu alikuwa mwenzake wa kliniki, mzaliwa wa Ukerewe, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi. Rebeka alimsikiliza huku akinawa mikono.

"Rahisi," alisema. "Mlete. Mzizi nitasafisha mimi, dawa nitaweka mimi, taa nitamulika mimi. Wewe nenda kanywe chai."

Shauri hilo lilikuwa zuri, fupi, na lingemaliza kisa hiki hapa. Kashaija akalikataa. Alisema taa ile inahitaji mkono uliozoea. Alisema kwenye utafiti mambo hayaendi hivihivi. Siku hizi akifika hapa hucheka mwenyewe na kusema ukweli: taa aliipenda. Aliipenda namna ilivyolia *piip* ikiwaka, namna chumba kilivyogeuka buluu, na namna wagonjwa walivyomtazama wakati huo kama mtu aliyeshusha umeme kutoka mbinguni. Jino la mama mkwe lipone bila yeye kushika taa? Haiwezekani.

Basi wakapanga hila. Rebeka atafanya kazi zote na mazungumzo yote. Kashaija ataingia mwishoni tu, kofia kichwani, barakoa usoni, na ile miwani ya rangi ya machungwa inayokinga macho na mwanga wa buluu. Hatasema neno, maana lafudhi ya Kihaya ingemchoma mara moja. Kwa mgonjwa atakuwa daktari tu, asiye na jina, na mila haitajua kitu.

Siku ilipofika, Mama Chenge alipanda kwenye kiti cha kliniki na kanga yake, akalala chali. Rebeka alimweleza kila hatua, naye akaridhia. Likatobolewa shimo dogo nyuma ya jino, upande wa ulimi, mzizi ukasafishwa, na ute wa njano ukaingizwa mle ndani. Ndipo akaingia yule daktari asiye na jina.

Dawa ilitakiwa ikae kidogo kabla ya kumulikwa, ili chembe zipate kupenya. Rebeka akaitwa chumba cha pili, kulikuwa na mtoto aliyeshika mdomo akilia. Wakabaki wawili, mama mkwe juu ya kiti na mkwe nyuma ya kichwa chake, kimya.

Mama Chenge hakuwa mtu wa kimya.

"Dakitali," alisema, "hiyo dawa nasikia harufu. Ni manjano, eti?"

Kashaija akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba yuko nyuma yake na haonekani. Akagonga sinia mara moja, maana yake ndiyo.

"Aisee. Na mimi nina mkwe dakitali kama wewe. Kasoma mpaka Ulaya, karudi anasema ameleta manjano. Nikasema moyoni, si angeniuliza, dukani kwa Luhende yapo." Akacheka, akajishika mdomo kwa maumivu. "Ni kijana mzuri, simsemi vibaya. Binti yangu anakula vizuri, mjukuu wangu anasoma. Lakini anaongea! Bhebhe! Mzee wangu akimwona anakuja anajifanya ana ng'ombe wa kutafuta. Nikipika ugali wa moto, ukimfikia mbele yake unapoa, yeye bado anaua wadudu."

Nyuma ya barakoa, Dakta Kashaija, mwenye shahada mbili, alikuwa amewiva kama pilipili. Alitamani kujitetea. Alitamani hasa kusahihisha kwamba bakteria si wadudu. Akaitazama saa.

Muda ulipotimia, alisimama. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, ingawa yeye alijiona anafanya jambo la heshima kuliko yote aliyowahi kufanya. Mama Chenge alifumbua kinywa. Kashaija akainua taa, akainamisha kichwa, na shingo yake ikagoma. Kilikuwa kinywa cha mama mkwe! Kiko wazi! Kila kitu alichofundishwa Kamachumu na kila kitu alichojifunza Misungwi kilimshika kichwa na kukigeuza dirishani. Akatazama nje. Akayatazama mawe makubwa ya mlimani na nyumba zilizokaa juu yake, akamtazama mama mmoja anayeanika dagaa juu ya bati, na huku mkono wake, ule mkono uliozoea, ukashuka wenyewe na ncha ya taa. Ncha ikagusa jino. Ikagota. "Imefika," akajiambia. *Piip.* Chumba kikawa buluu.

Rebeka aliporudi alimkuta Kashaija amesimama wima kama askari wa gwaride. Akamwonyesha kidole gumba. Rebeka, akiwa na miwani yake ya machungwa machoni na mtoto wa chumba cha pili bado anapiga kelele, akaziba shimo kwa dawa ya muda na kumruhusu mgonjwa aende. Kwa miwani ile njano na nyeupe ni kitu kimoja. Hakuna aliyeitazama rangi.

Siku zilizofuata Kashaija alijivika kilemba cha ukoka mwenyewe, akakikaza vizuri. Kwenye kundi la WhatsApp la familia aliandika kwamba mama anaendelea vyema na sayansi imeshinda. Chini ya ujumbe huo aliweka maelezo marefu juu ya oksijeni, ambayo shemeji yake Chenge aliyajibu kwa alama ya dole gumba, na wengine hawakujibu.

Ndipo simu ya Suzana ikaja kutoka Misungwi, alikokwenda kumwona mama yake. "Uvimbe umerudi. Umepanda mpaka chini ya jicho. Mama hajala tangu jana."

Mtu mwingine angeingiwa na hofu. Kashaija aliingiwa na hofu na utafiti kwa pamoja. Akaikagua taa; ilikuwa nzima. Akajimulika kiganja, kikawa buluu. Akaichunguza dawa, ilikuwa freshi. Akaushuku umeme, akaushuku ufizi, akaishuku michembe. Mwishowe akahitimisha kwamba bakteria wa Misungwi lazima wawe wa aina ya pekee, wasiojulikana popote duniani, na alipokuwa akinyoa ndevu asubuhi alikuwa amekwisha kuipatia makala yake kichwa cha habari. Vyote vilivyokuwamo chumbani siku ile vilishukiwa, isipokuwa mtu mmoja.

Mama Chenge aliletwa tena, safari hii uso umemvimba, kanga imeloa machozi. Kashaija alijifungia chumba cha taa na kusubiri. Rebeka alimtuliza mgonjwa, akakifungua kile kizibo, akachungulia bila miwani. Kisha akaja mlangoni.

"Njoo uone."

"Siwezi kuona. Ni mama mkwe."

"Basi nitakueleza. Ni njano."

"Njano kiasi gani?"

"Njano ya pilau, Kashaija. Kama nilivyoiweka. Haijaonja mwanga hata wa kibiriti." Rebeka akavua glavu moja. "Meno yake yamelaliana kidogo. Nadhani ulimulika la jirani. Jino zima kabisa, halina tatizo lolote duniani, ndilo ulilolitibu."

Kashaija akakaa kwenye kigoda. Akayaona yote kwa mara moja: dirisha, mawe, dagaa juu ya bati, ncha ikigota. Ilikuwa imegota juu ya jino lisilo na shimo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Aliwaona wale bakteria wake wa pekee wasiojulikana duniani, wamejilaza gizani kwenye godoro la manjano, wakistarehe, huku yeye akiutangaza msiba wao kwenye WhatsApp. Aliona aibu mpaka masikio yakawasha. Kisha, chini ya aibu hiyo, akaona kitu kibaya zaidi: mama wa watu alikuwa ameteseka siku zote hizo kwa sababu mkwe wake alipenda kushika taa lakini hakupenda kutazama.

"Mfupa umeanza kuliwa," Rebeka alisema, sauti imeshuka. "Tunaweza kujaribu mara moja tena, leo hii. Isipotulia, nitaling'oa, sitakuficha. Na yeye anatakiwa aambiwe kilichotokea. Mimi nitabeba langu, nilifunga bila kuitazama rangi. Nani atamwambia la kwako?"

Kashaija akavua kofia. Akavua barakoa na miwani, akaviacha kwenye kigoda. Akaingia chumba cha mgonjwa, akasimama kando ya kiti, akautazama ukuta.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, baba."

"Mama, siku ile... yule daktari wa taa... alikuwa ni mimi."

"Najua."

Kashaija akausahau ukuta. "Ehee, waitu! Ulijua?"

"Ulipoingia nilishuku," Mama Chenge alisema taratibu, mdomo ukimuuma. "Ulipoinua taa nikajua. Nimelala chali, natazama juu, naona shingo tu! Nikasema, nani mwingine katika mji huu mzima anaweza kumulika kinywa cha mtu huku anatazama dirishani, kama si mkwe?"

Kashaija alitaka ardhi ipasuke. "Na yale uliyosema? Ya ugali kupoa?"

"Yale nilikuwa nayo siku nyingi, nilikosa mahali pa kuyasemea. Mkwe hasemwi mbele yake." Akavuta pumzi. "Ulikuwa hujaonekana, na mimi nilikuwa sijakuona. Ilikuwa nafasi nzuri."

Basi Kashaija akamweleza. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alieleza jambo kwa maneno machache: kwamba alimulika jino lisilo lenyewe, kwamba hakutazama, kwamba kosa si la dawa wala la taa wala la Misungwi, ni lake. Akasema, "Nisamehe, mama." Akaongeza kwamba Dakta Rebeka yuko tayari kummulika sasa hivi na yeye ataondoka.

Rebeka alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuichukua taa. Mama Chenge akauinua wa kwake.

"Mwache. Aliyepotea njia ndiye anayeijua ilipo." Akaishika kanga yake, ile iliyokuwa imeziba mdomo wake miaka yote hiyo, akaiteremsha, akaikunja, akaiweka kifuani. "Baba Justa, heshima yako nimeiona. Imenitosha. Sasa lione jino."

Akafumbua kinywa.

Kashaija akatazama. Akatazama mpaka macho yakauma. Aliuona ufizi uliovimba, akaliona shimo na ule ute wa njano mle ndani, umekaa kama shahidi. Na aliona kitu ambacho hakukitarajia: jino la mbele lililolalia jirani yake kidogo tu, kwa upande mmoja, sawasawa na la Suzana anapocheka, sawasawa na lile lililoanza kuota kwa binti yake Justa. Tabasamu alilolipenda tangu siku ya kwanza, lililomfanya apeleke mahari Misungwi, lilikuwa limetokea hapa, na yeye alikuwa akiligeuzia mgongo.

Rebeka akaosha mzizi upya, akaweka dawa mpya, wakasubiri. Safari hii hakuna aliyesimulia kitu. Kashaija akavaa miwani, akaingiza ncha ya taa ndani ya shimo lenyewe, polepole, akihisi inateremka. *Piip.* Mwanga ukawaka, naye hakupepesa macho. Ulipozima, akavua miwani kabla ya mtu yeyote, akainama.

"Nyeupe," alisema.

"Nyeupe," Rebeka naye akasema, baada ya kuchungulia kwa jicho lake. "Ya uji."

Uvimbe ulianza kushuka, ukapita jichoni, ukapita shavuni, ukaisha. Rebeka ndiye aliyekuwa akimkagua, kwa sababu ya mila na kwa sababu, kama alivyosema, hakuwa na hamu tena ya kutegemea shingo ya Kashaija. Kijipele cha usaha kikakauka. Mzizi ukajazwa, jino likafungwa. Kwenye kundi la WhatsApp Kashaija hakuandika neno. Chenge alimpigia simu kuuliza kama anaumwa.

Siku ya mashindano walikwenda Bujora, yeye na Suzana na Justa. Vumbi lilikuwa limetanda, watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Wanawake wa Misungwi walipoingia uwanjani, Kashaija aliwaona kwa mbali, akamwona na mama mkwe mbele yao, usinga mkononi, filimbi ikining'inia shingoni. Mama Chenge naye akamwona. Hapo hapo akavuta pembe ya kanga, akajifunika mdomo, na Kashaija hapo hapo akageuka, akaupa uwanja mgongo na kutazama uzio. Mambo ya kliniki yalikuwa ya kliniki. Hapa ni Bujora, na mkwe ni mkwe.

Mzee mmoja aliyesimama kando yake akamshangaa. "Wewe bwana, umetoka mjini kuja kutazama uzio?"

"Mpuliza filimbi ni mama mkwe wangu," Kashaija akajibu.

"Ahaa. Vizuri. Una adabu."

Ilitosha kuishia hapo. Kashaija alijua kwamba ilitosha. Lakini mzee alikuwa na uso wa kusikiliza, jua lilikuwa zuri, na ngoma zilikuwa zimeanza. "Unajua," alisema, akimsogelea, "lile jino linaloshika filimbi lilikuwa ling'olewe. Sasa kuna chembe, zinaitwa nano. Ukichukua unywele mmoja..." Mzee akaanza kutafuta kwa macho mahali pa kwenda. "...zikimulikwa zinaamka, ndiyo, zinaamka na hasira, halafu oksijeni..."

Filimbi ikalia nyuma yake. Ililia mara moja, ndefu, imebanwa sawasawa, haikukohoa hata chembe. Ngoma zikanyamaza. Nyimbo zikanyamaza, za Misungwi na za wapinzani. Kashaija naye, akiwa amefikia oksijeni, akafunga mdomo, akasimama pale ameligeuzia mgongo jino lake, na machozi yakamtiririka mbele ya uzio.